Andika Kwamba Serikali Ililala

Sakamma alikuwa tarishi. Miaka thelathini na mmoja alibeba majalada ya watu pale ofisi ya wilaya mjini Mandya, kutoka meza hii kwenda meza ile, kutoka meza ile kwenda kabatini, na kutoka kabatini kwenda kusikojulikana. Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Boregowda, aliyefariki kwa ugonjwa wa ini akiwa bado mtumishi. Serikali ambayo haikuwahi kumpa marehemu hata kiti cha kukalia iliona haya kidogo, ikampa mjane nafasi yake. Mwaka ulikuwa 1987. Sakamma alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Lokesh, na mdomo uliokuwa ukiogopwa kuanzia kwenye bomba la maji hadi kwa muuza nazi.

Sisi watu wa Mandya tunasemwa Karnataka nzima kwamba hatujui kuongea kwa upole. Ni kweli, na radhi hatuombi. Ugali wetu wa wimbi tunauviringa, tunauchovya kwenye mchuzi na kuumeza bila kutafuna, na maneno yetu nayo tunayatoa vivyo hivyo, mazima mazima. Lakini pale ofisini Sakamma alikaa kimya miaka miwili ya kwanza. Alikuwa anatazama.

Kulikuwa na mkulima mmoja aliyefukuzwa dirishani mara kumi na moja kwa habari ya shamba la baba yake. Haiwezekani. Njoo kesho. Bosi hayupo. Mara ya kumi na mbili alikuja na karatasi moja tu, na humo hakuomba shamba. Aliomba himbaraha, ndilo jina letu la jibu la ofisi lililoandikwa, lenye sababu, sahihi na muhuri. Aliipeleka karatasi yake kwenye dirisha la kupokea barua, ikagongwa muhuri na kupewa namba, kisha mwenyewe akaketi kwenye ngazi, akafungua kitambaa chake cha tambuu na kuanza kutafuna. Sakamma ndiye aliyeifikisha karatasi ile kwa karani. Alimwona akiisoma, akivua miwani, akiifuta, akiisoma tena. Ilipofika saa tisa jalada la shamba likawa limepatikana, chini ya mto wa kiti alichokalia karani mwenyewe.

Hapo Sakamma akaelewa. Karani anaweza kukukatalia kwa mdomo hata mara mia, maana maneno ya mdomo hayana mwenyewe. Mwambie aandike, kisha atie jina lake chini, uone atakavyotokwa jasho. Tangu siku hiyo mjane yeyote aliyekuja pale akilia, tarishi Sakamma alimpitia karibu, jalada likiwa kifuani, na kumnong'oneza, "Acha kulia, mwanamke. Omba himbaraha." Wakuu wa ofisi watatu walijaribu kumhamisha. Aliwaomba sababu kwa maandishi.

Lokesh alikua, akasoma, akaoa mwalimu wa chekechea aitwaye Vanaja, na mwaka 2003 wakaenda Ohio, Marekani, alikoajiriwa kukagua programu za kompyuta. Mwaka 2006, siku ya theluji, akazaliwa binti yao, Sinchana. Mwaka 2008 kampuni ikafunga idara nzima, na Lokesh akarudi Mandya na masanduku mawili, mke, na mtoto wa miaka miwili mwenye pasi ya Marekani. Cha Marekani mtoto mwenyewe alichobeba ni kuharisha tu, na hilo lilimtoka njiani. Lokesh akaingia kwenye ekari moja na nusu ya miwa ya baba yake na banda la kupikia sukari guru. Hakutoka tena.

Kabla hawajapanda ndege walimchukulia mtoto kadi ya raia wa ng'ambo, ile wanayopewa wenye asili ya India ambao pasi zao ni za nchi nyingine. Inaitwa kadi, ila ni kijitabu. Kinakuruhusu kuishi huku mpaka ufe, mradi usipige kura na usinunue shamba. Sakamma alipokishika mara ya kwanza alisoma jalada lake, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa sakafuni akila udongo, akauliza, "Ng'ambo ipi? Ng'ambo ya mfereji?"

Shuleni wenzake walimwita Dola. Sinchana aliwapiga wawili, wa tatu akakimbia, na jina likabaki hivyo hivyo kwa mapenzi. Alikua na lafudhi ya Mandya nzito kuliko ya mkulima wa miwa, na mikono isiyoona kinyaa. Akiwa na miaka kumi na minne, ng'ombe wa jirani alishindwa kuzaa, na daktari wa mifugo alikuwa na mkono mnene. Aliangalia watu waliomzunguka, akaona mkono wa Sinchana, akampaka mafuta mpaka begani. Ndama alitoka miguu ya nyuma kwanza, akiwa hai. Binti akaja nyumbani amelowa damu na kamasi mpaka kwenye misuko ya nywele, akasema atakuwa daktari wa wanyama. Aliposema hivyo hakuwa anauliza mtu.

Akasoma kweli. Mtihani wa kuingia vyuo vya jimbo mwaka 2024 ulimpa nafasi ya mia mbili na kumi na mbili katika udaktari wa mifugo. Kwa nafasi hiyo kiti cha chuo kilikuwa chake, tena chenye karo ambayo sukari guru ingeiweza.

Sasa tuje kwenye sheria, na nitaieleza haraka kwa sababu inanichefua. Zamani mwenye kadi aliyesomea huku alihesabiwa pamoja na wenyeji. Machi 2021 Delhi ikatangaza kwamba viti vya wenyeji ni vya raia watupu, wenye kadi wakagombee viti vya watu wa ng'ambo, ambavyo karo yake hutajwa kwa dola. Watu wakaenda mahakamani, na mahakama ya juu kabisa ikasema waliokuwa na kadi kabla ya Machi ile wasiguswe. Kadi ya Sinchana ilikuwa ya 2008, kwa hiyo angekuwa salama salimini. Ila kadi ya 2008 haikuwepo tena, na aliyeiharibu ni Sakamma.

Ilikuwa Oktoba 2021, siku ya kuabudu vyombo vya kazi. Siku hiyo kila nyumba huku kwetu huosha kinachoilisha na kukiweka mbele ya mungu wa kike: panga, mizani, baiskeli, jiwe la kusagia, vitabu vya mwanafunzi. Sakamma alikuwa amestaafu na ana muda tele. Alipokwisha kupanga vitu vyote aliwaza, kijitabu kile ndicho kinachomweka mtoto huku na ndicho kitakachomfikisha chuoni, sasa hicho si chombo cha kazi? Akakiweka juu kabisa ya vitabu. Akakipaka maji ya manjano, akakichora mistari mitatu ya msandali, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu nusu, akakifungua na kutia nukta ya unga mwekundu kwenye kila ukurasa. Kwenye picha alitia nukta kubwa zaidi. Asubuhi yake picha ya mtoto ilikuwa nyanya iliyopasuka, na maandishi yaliyoizunguka yalikuwa yameondoka na manjano.

Walicheka wiki nzima. Lokesh alikipeleka Bengaluru, kikachukuliwa, na mwanzoni mwa 2022 wakapewa kingine, safi, chenye tarehe mpya. Hawakujua kuwa tarehe ile ingekuja kuwa na meno.

Walipojua, wakati wa kujaza fomu za chuo, hapakuwa na aliyemlaumu Sakamma. Vanaja alisema ni bahati mbaya. Lokesh aliandika barua kwenye ofisi iliyotoa kadi akiomba uthibitisho wa ile ya kwanza, akajibiwa asubiri wiki sita, na wiki sita zingeangukia mwezi mzima baada ya mlango wa chuo kufungwa. Sinchana alimkumbatia na kusema, "Usijali, Bibi." Usijali hiyo ndiyo iliyomchoma. Angetukanwa angejibu, maana kujibu anajua. Kuhurumiwa hakukuzoea, na kila alipopita mbele ya picha ya mungu wa kike alikuwa anaikazia macho kama mtu anayemdai mwenzake maelezo.

Siku ya mwisho ya uhakiki wa vyeti walipanda treni ya alfajiri kwenda Bengaluru, watatu: Sakamma, Lokesh na binti. Ukumbi ulikuwa umefurika wazazi wenye bahasha. Namba yao iliitwa saa nne na nusu, na karani waliyempata alikuwa na jina lake mezani kwenye kibao: Chidananda. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, mwenye tabia ya kutazama karatasi na kutomtazama mtu. Alifungua kijitabu, akaona tarehe, akakifunga.

"Wageni ni ghorofa ya pili," alisema.

"Mgeni nani?" aliuliza Sakamma.

"Huyu binti, mama. Pasi ya nje, kadi ya 2022. Aende juu."

"Hiyo ni kadi ya badala. Ya kwanza ilikuwa ya 2008."

"Sawa. Iko wapi?"

"Iliharibika," Lokesh aliwahi kusema. "Iliingia maji."

"Maji ya nini?"

Lokesh alikohoa. Sakamma alimtazama mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, anavyojikunyata kwa ajili ya kumfichia mama yake aibu, na damu ikamchemka.

"Si maji," alisema, kwa sauti iliyofika foleni ya nyuma. "Niliiharibu mimi. Niliipaka manjano na msandali na unga mwekundu siku ya kuabudu vyombo. Ukurasa kwa ukurasa. Umeridhika?"

Ukumbi ukacheka. Chidananda naye akacheka, na kwa mara ya kwanza akainua uso. "Kadi ya serikali, mama? Umeiabudu kadi ya serikali?"

"Na hiyo mashine yako ya fotokopi imepigwa mistari na nani, popo?"

Watu wakageuka. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na mistari mitatu ya msandali uliokauka na nukta nyekundu katikati. Kabati nalo lilikuwa nayo. Kompyuta ya Chidananda ilikuwa na nukta yake juu kabisa ya kioo, na ua la Oktoba iliyopita bado limebanwa kwenye waya, limegeuka kahawia. Sasa kicheko kilibadilisha upande, na mama mmoja wa nyuma akapiga makofi.

"Hayo mengine," alisema Chidananda, masikio yamemwiva. "Mimi nafuata tarehe. Tarehe inasema 2022." Akavuta droo, akatoa fomu, akaigeuza upande wa Lokesh na kushusha sauti. "Bwana, sikiliza. Viti vya ng'ambo vipo, ila vinafungwa saa kumi na moja leo. Tia sahihi hapa, binti apate kiti. Ukibishana na mimi mpaka jioni atakosa huku na kule. Mimi namwonea huruma mtoto."

Lokesh akaishika kalamu. Hakuwa mwoga, msimfikirie vibaya. Alikuwa baba aliyekwisha piga hesabu ndani ya treni, na hesabu ilikuwa imemwambia kwamba ekari moja na nusu ya miwa karibu na barabara kuu ingetosha miaka mitatu kati ya mitano.

"Tutauza shamba, Mama," alisema polepole. "Hiyo miaka mingine tutajua mbele."

"Baba, hebu lete nisome kwanza," Sinchana alisema. Akaivuta fomu, akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, kisha akausoma kwa sauti. "'Nakiri kwamba mimi si mkazi wa jimbo hili, na sitadai haki ya mwenyeji katika muda wote wa masomo yangu.' Mimi? Mimi si mkazi?"

"Ni maneno tu ya fomu, binti," alisema Chidananda.

"Kama ni maneno tu, yafute."

"Hayafutiki."

"Basi si maneno tu." Akairudisha mezani. Sauti ilikuwa imepanda ikawa ya Mandya kabisa. "Baba, ukitia sahihi hapa mimi chuo siendi. Nitabaki bandani nichochee moto. Lakini kusema uongo kwamba kwetu si kwetu, halafu shamba liuzwe ili nilipie uongo wenyewe! Bora nikose."

Lokesh akaiweka kalamu chini. Alifunika macho kwa kiganja, akasema kupitia humo, "Sasa tufanye nini, mama zangu?"

Sakamma alikuwa amekwisha simama. "Toa daftari," alimwambia mjukuu wake. "Andika."

Aliitamka barua moja kwa moja, bila kusita, jinsi watu wengine wanavyosoma sala. Kwa Mkuu wa Ofisi. Mimi fulani, namba fulani, nimekataliwa leo kuhesabiwa na wenyeji. Naomba himbaraha, yenye sababu, sahihi, jina na cheo cha aliyekataa. Naomba nipewe leo kwa kuwa leo ndiyo mwisho. Mistari sita. Kwenye dirisha la kupokea barua msichana aliyekaa pale aliisoma, akasema barua za namna hiyo hazipokelewi.

"Mwanangu," alisema Sakamma, "dirisha la barua halisomi barua. Linagonga muhuri. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa. Gonga."

Msichana akagonga. Namba ikaandikwa kwa wino wa bluu, 4417, na nakala yenye muhuri ikarudi mkononi mwa Sakamma. Akaibeba mbele ya kifua kwa mikono miwili, jinsi alivyobeba majalada maisha yake yote, akavuka nayo ukumbi. Waliokuwa kwenye foleni wakampisha bila kuombwa.

Chidananda aliisoma. Hakuwa na miwani ya kufuta, akafuta kibao cha jina lake.

"Himbaraha ya nini sasa, mama? Nimeshakuambia."

"Umeniambia. Sasa andika."

"Nina watu sitini hapa."

"Wanakungoja na mimi nakungoja. Andika." Akajikunja, akaketi sakafuni mbele ya meza, sari ameikusanya magotini. Mgongo ulimuuma, ila hilo hakulionyesha. Moyoni alikuwa na hofu kubwa kuliko aliyokuwa nayo siku ya kumzika Boregowda, kwa sababu siku ile kosa halikuwa lake.

Chidananda akavuta karatasi. Akaandika tarehe. Akaandika jina la binti na namba ya barua. Akaandika, mwombaji amekataliwa kwa sababu, kisha kalamu ikasimama.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Sakamma kutoka chini.

"Kwa sababu kadi yake ya kwanza ni ya 2022."

"Andika. Halafu endelea usiishie hapo. Cheti cha darasa la kwanza hicho mbele yako kina muhuri wa serikali wa mwaka gani?"

"2012."

"Cha darasa la kumi?"

"2022. Mama, nina kazi..."

"Kadi ya chanjo?"

Chidananda akaigeuza mara mbili. Kadi ya chanjo ilikuwa ya kituo cha afya cha Mandya, 2008.

"Basi sikia," alisema Sakamma, na ukumbi ukatulia kumsikiliza. "Mtoto wa pasi ya nje ameishi Mandya tangu 2008. Kama kadi alikuwa nayo, yumo kwenye wenyeji, na himbaraha yako andika hivyo. Kama hakuwa nayo, basi mgeni asiye na kibali amekaa wilayani kwetu miaka kumi na minne. Akachanjwa na serikali. Akasomeshwa, akapewa vyeti. Akafanya mitihani ya serikali, na afisa kijiji, mkuu wa shule, afisa elimu, polisi, wote wamesinzia. Hiyo nayo unaruhusiwa kuandika. Andika kwamba serikali ililala miaka kumi na minne, kisha utie sahihi yako na cheo chako, na mimi nitaipeleka mwenyewe kwa kila mtu uliyemtaja. Nauli ninayo. Kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama wa nyuma, yule wa makofi, akasema peke yake, "Weee." Mzee mmoja aliyekuwa kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya pili, na kijana wake wa kike mwenye bahasha ya aina ile ile, akashuka akaja kusimama karibu.

Chidananda akaiweka karatasi yake juu ya barua ya binti. Kisha akazichukua yeye mwenyewe, bila kumwita tarishi, akaingia nazo chumba cha ndani.

Saa saba ikafika hajatoka. Wakala wali wao wa mtindi pale pale sakafuni, na achari ya embe. Saa nane Lokesh akaanza kutembea. Saa tisa Sinchana akasema wamesahauliwa, na Sakamma akamwambia barua yenye namba haisahauliki, inaogopwa tu. Saa tisa na nusu akatoka mwanamke mrefu mwenye mvi na sari ya pamba, Chidananda akimfuata hatua mbili nyuma. Alikuwa Indumathi, mkuu wa ofisi.

"Ni nani aliyeandikisha barua hii?" aliuliza.

"Mimi," alisema Sakamma, na akainuka kwa kushika ukingo wa meza.

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa tarishi, madam. Ofisi ya wilaya, Mandya. Miaka thelathini na mmoja."

"Aa." Indumathi alimgeukia karani wake. "Ndiyo maana. Ungeniambia mapema kwamba ni tarishi, tungeokoa siku nzima." Akakigeuzageuza kijitabu. "Mama, hoja yako nimeikubali. Kadi ya badala haitolewi kwa mtu asiyekuwa na ya kwanza, na sioni mtoto huyu angekaaje hapa bila hiyo ya kwanza. Nitamwingiza kwenye orodha ya wenyeji, kwa muda, mpaka uthibitisho ufike. Siku arobaini na tano. Usipofika, kiti kinaondoka."

Sinchana alimshika baba yake mkono kwa nguvu mpaka Lokesh akaguna.

"Lakini si bure," Indumathi aliendelea. "Nataka kiapo cha mtu aliyeiona kadi ya kwanza kwa macho yake, aliyeishika, na anayejua ilivyoharibika. Huyo ndiye atakayebeba lawama. Ikibainika si kweli, atashtakiwa. Na kama ni mstaafu wa serikali, pensheni yake itasimamishwa siku hiyo hiyo. Sikutishi, ndivyo fomu inavyosema."

"Nitaapa mimi," Lokesh alisema. "Mimi ndiye baba."

"Wewe ulisema maji," alisema Chidananda, na kusema kweli hakulisema kwa ubaya.

"Mama, tafadhali. Pensheni ndiyo dawa zako. Ofisi ile ikikosa rekodi ya zamani je? Wakiipoteza?"

"Wakiipoteza nitawaomba himbaraha," alisema Sakamma. "Lokesh, kaa chini. Kadi niliiharibu mimi, na tangu mwezi wa tano nyumba nzima mnanitazama kama yai. Nimechoka kuhurumiwa. Leteni hiyo fomu."

Fomu ikaletwa. Chidananda akaitandaza mezani, akaonyesha pa kutia alama, na bila kufikiri, kwa mkono uliokuwa umefanya hivyo mara elfu mbele ya wanawake wazee wa mashambani, akafungua kidau cha wino wa zambarau na kukisogeza karibu na kidole gumba cha Sakamma.

Sakamma alikitazama.

"Hiki cha nini?"

"Kidole, mama. Hapo chini."

Alikisukuma kidau kwa kucha mpaka kikagonga kibao cha jina. Kisha akanyoosha kiganja, akangoja. Chidananda alitazama kile kiganja, akachomoa kalamu kutoka mfukoni mwa shati lake mwenyewe na kuiweka humo.

Sakamma akainama. Aliandika jina lake zima kwa herufi za mviringo za Kikannada, akianza na jina la kijiji chake na la baba yake na kuja mpaka kwake. Palipoulizwa kazi akaandika tarishi. Palipoulizwa uhusiano akaandika bibi. Akatia sahihi na tarehe. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi, na Chidananda akanyoosha mkono aichukue karatasi, lakini kalamu ilikuwa bado inatembea. Ilikuwa imeshuka chini ya mstari wa mwisho, kwenye nafasi nyeupe ya ukingoni. Niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, aliandika. Mtoto huyu ni wa kwetu, na...

"Mama," alisema Chidananda taratibu, "hapo hapatakiwi kuandikwa kitu."

"Najua," alisema Sakamma, na akaendelea kuandika.